Faili 46 na kifaa cha inchi 6: kununua au kuacha?

Tumchukue mwalimu wa historia anayefundisha sekondari mchana na kusomea shahada ya uzamili kwa masafa usiku. Karibu kila kitu anakisomea kwenye simu ya inchi 6.5. Ana malalamiko matatu: ikifika saa nne usiku macho yanamwasha, ujumbe unaingia kabla hajamaliza ukurasa, na chaji inakata sura ikiwa katikati. Amepata kifaa cha kusomea vitabu kilichokwisha kutumika, cha inchi 6, kioo cha wino wa elektroniki, kwa bei inayolingana na vitabu tisa vipya vya karatasi. Muuzaji hana haraka. Wenzake waliovizoea vifaa hivi wanamwambia anunue bila kufikiri mara mbili. Waliovijaribu wakavitupa kwenye droo wanamwambia asithubutu. Pande zote mbili zinasema kweli, kwa kuwa hazisomi vitu vya aina moja.

Kosa la kwanza katika visa kama hiki ni kuanza na kioo. Kioo ni kizuri, hilo halina ubishi. Kinachoamua ni faili alizonazo mtu, zimetoka wapi, na anazisoma kwa saa ngapi. Lakini kwa kuwa mwalimu mwenyewe ameanza na macho, nasi tuanze hapo.

Malalamiko matatu, moja moja

Kioo cha wino wa elektroniki hakitoi mwanga. Ndani yake mna vidonge vidogo mno vyenye umajimaji angavu, na katika kila kidonge zimo chembe nyeupe na nyeusi zenye chaji zinazopingana. Umeme ukipita upande mmoja, nyeupe hupanda na nyeusi huzama. Ukigeuzwa, nyeusi ndizo zinazopanda. Zikishatulia hazidai umeme tena, ndiyo maana ukurasa hubaki kiooni hata betri ikiisha kabisa. Teknolojia hii ilitokana na kazi iliyofanywa MIT, chuo kikuu cha Marekani. Kampuni ya E Ink iliundwa mwaka 1997, Sony ikatoa kifaa cha kwanza cha kusomea chenye kioo hicho mwaka 2004, na Kindle, kifaa cha kampuni ya Amazon, ikafuata mwaka 2007. Taa za vifaa vya sasa zimepangwa ukingoni, zinamwaga mwanga juu ya uso wa kioo, nao humrudia msomaji kama mwanga wa taa ya mezani unavyorudi kutoka kwenye karatasi. Juani maandishi huzidi kuonekana, wakati simu hugeuka kioo cha kujitazamia.

Je, hilo linatibu mwasho? Nusu tu. Mtu anapokodolea macho kitu cha karibu hupunguza kupepesa, uso wa jicho unakauka, na ukavu huo ndio unaowasha. Karatasi nayo humkausha mtu macho akiikodolea saa mbili. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, jaribio la siku saba: simu ikae sentimita 40 kutoka usoni badala ya 25, herufi zikuzwe kiasi cha kusomeka kwa umbali huo bila kukunja uso, mwangaza wa kioo ulingane na ukuta ulio nyuma yake, na kila dakika 20 macho yainuliwe yatazame kitu kilicho mita 6 kwa sekunde 20. Katika kisa hiki mwasho ulisogea kutoka saa nne hadi karibu saa tano na nusu. Haukuisha, ila saa moja na nusu imepatikana bila gharama yoyote.

Kuhusu usingizi, kuna utafiti unaotajwa kila mahali, uliotoka katika jarida la PNAS mwanzoni mwa 2015. Washiriki 12 waliosomea kifaa chenye mwanga kabla ya kulala walichelewa kupata usingizi kwa takriban dakika 10 kuliko waliposoma kitabu cha karatasi. Wengi huutumia kuvishutumu vifaa vya wino wa elektroniki. Kifaa kilichotumika humo kilikuwa iPad iliyowashwa mwanga wa juu kabisa, yaani kishikwambi. Utafiti huo unaihusu simu ya mwalimu kuliko unavyokihusu kifaa anachotaka kununua.

Lalamiko la pili, usumbufu wa ujumbe, ndilo lenye uzito kuliko yote, na ndilo watu hulitaja kwa aibu kana kwamba ni udhaifu wa tabia. Nalo lipimwe. Wiki mbili, kila usiku simu inawekwa kwenye hali ya ndege kabla ya kufungua riwaya, na kwenye karatasi inawekwa alama kila mara hali hiyo inapozimwa kabla ya muda wa kusoma kuisha. Asiyeizima hata mara moja ameshapona bila kununua chochote. Mwalimu wetu aliizima usiku 9 kati ya 14, mara nyingi kwa kisingizio cha kutafuta maana ya neno. Hapo hoja ya kununua imepata mguu wa kwanza wa kusimamia: anahitaji kifaa ambacho hata kikiwa na Wi-Fi hakina cha kumwita.

La tatu, chaji, litaeleweka kwa hesabu ndogo. Matangazo husema betri hukaa wiki kadhaa. Kindle Paperwhite ya 2021 ilitangazwa kukaa hadi wiki 10, na maandishi madogo chini yake yalifafanua: nusu saa kwa siku, mtandao umezimwa, taa ngazi ya 13. Siku 70 mara nusu saa ni saa 35. Hiyo ndiyo namba ya kukumbuka. Anayesoma saa moja kwa siku atachaji kila baada ya wiki 5, anayesoma saa mbili kila siku 17 hivi, na kifaa kilichotumika miaka kadhaa kitapungua hapo. Bado ni afadhali sana kuliko simu, lakini simu ya mwalimu haiishiwi chaji kwa kusoma peke yake. Inaishiwa kwa mambo mengine ya mchana kutwa. Waya mrefu karibu na kitanda ungelimaliza lalamiko hili.

Karatasi ya ukubwa wa A4 ndani ya inchi 6

Sasa faili. Katika wiki nne mwalimu alifungua faili 46: PDF 38 za makala na sura za vitabu, ambazo 11 kati yake ni picha za kurasa zilizoskaniwa, riwaya 5 za EPUB, na vitabu 3 alivyonunua katika duka moja la mtandaoni, vinavyofunguka ndani ya programu ya duka hilo tu.

EPUB ni maandishi yanayotiririka. Ukikuza herufi, mistari hujipanga upya kufuata upana wa kioo, na inchi 6 zinatosha kabisa. PDF ni picha ya karatasi: kila herufi imepigiliwa mahali pake. Hapa ndipo vifaa vingi vya inchi 6 huishia drooni, kwa hiyo tupige hesabu kwa milimita.

Kioo cha inchi 6 chenye pikseli (nukta za picha) 1072 kwa 1448, yaani 300 kwa inchi, kina upana wa milimita 91 na urefu wa milimita 123. Karatasi ya A4 ni 210 kwa 297. Ukionyesha ukurasa mzima, unapunguzwa hadi asilimia 41, na herufi ya pointi 11 (pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi) inakuwa ya pointi 4.5. Hiyo haisomwi, inakisiwa. Ukikata pambizo za milimita 25 kila upande, yanabaki maandishi yenye upana wa milimita 160. Yakibanwa kwenye 91, herufi inakuwa pointi 6.3 na tanbihi ya pointi 9 inashuka hadi 5.1. Mwanahistoria asiyeweza kusoma tanbihi ana nusu ya makala. Ukilaza kifaa, upana unakuwa 123 na herufi inapanda hadi 8.4, ambayo inasomeka. Lakini sasa kila skrini inaonyesha chini kidogo ya nusu ya ukurasa, hivyo kurasa 25 zinahitaji skrini zisizopungua 52, kivitendo 75, kwa kuwa mkato huangukia katikati ya mstari na kifaa hurudia mistari michache ili usipotee.

Linalowashangaza wengi ni hesabu ya simu. Simu ya inchi 6.5 yenye uwiano wa 20 kwa 9 ikilazwa ina upana wa milimita 150. Maandishi yaleyale ya milimita 160 yanatokea kwa pointi 10.3. Kwa PDF ya A4, simu aliyo nayo mwalimu mkononi inampa herufi kubwa kuliko kifaa anachotaka kununua, tena inateleza kwa kidole bila kusita, wakati wino wa elektroniki ukiteleza huacha ukungu. Sababu ni umbo. Kifaa cha kusomea kimefuata umbo la kitabu, simu imefuata umbo la rula.

Kuna aina moja ya PDF inayogeuza mambo: makala yenye safu mbili. Kila safu ina upana wa milimita 77 hivi. Ukikuza safu moja ijaze kioo cha 91, herufi zinakuwa kubwa kuliko zilivyo kwenye karatasi. Kinachotakiwa ni programu inayojua kushuka safu ya kushoto hadi mwisho kisha kupanda safu ya kulia. KOReader, programu huria ya bure, inafanya hivyo, na inakata pambizo yenyewe. Kwenye Kobo na PocketBook, vifaa vya kampuni nyingine, huwekwa kwa kunakili faili. Kwenye Kindle hulazimu kuvunja ulinzi wa kifaa kwanza, kazi ambayo hutegemea toleo la mfumo na wakati mwingine haiwezekani kabisa. Bahati mbaya, majarida mengi ya historia huchapwa kwa safu moja. Kati ya PDF 27 za mwalimu zisizo za skani, zenye safu mbili zilikuwa 4.

Wapo wanaoshauri PDF igeuzwe EPUB kwa Calibre, programu ya kompyuta ya kupanga na kugeuza vitabu. Kwa riwaya iliyohifadhiwa kama PDF safi, matokeo huvumilika. Kwa makala ya kitaaluma, kila kichwa cha ukurasa na namba yake vitajipenyeza katikati ya sentensi, tanbihi zitamwagika ndani ya aya, na jedwali litakuwa mlundo wa namba. Hilo si kosa la Calibre. PDF haihifadhi habari kwamba mstari huu ni tanbihi na ule ni aya. Inahifadhi kwamba herufi fulani iko mahali fulani, basi. Njia bora kidogo ni programu ya k2pdfopt, inayokata picha ya ukurasa vipande na kuvipanga upya kwa upana wa kioo bila kugusa maandishi. Nayo inataka kurasa zilizonyooka. Skani iliyopinda, yenye kivuli cha mgongo wa kitabu katikati, huitatanisha, na skani za mwalimu karibu zote ni za namna hiyo. Tena skani ya kitabu kizima huweza kupita megabaiti 100. Kichakataji kidogo cha kifaa hiki huchukua sekunde kadhaa kwa kila ukurasa, na mara nyingine huganda.

Asiyependa hesabu achukue kadi ngumu, akate dirisha la milimita 91 kwa 123, achape ukurasa mmoja wa makala yake ya kawaida kwa asilimia 57, aweke dirisha juu yake na asome dakika 15 chini ya taa anayotumia usiku. Mkasi na karatasi moja vitamwambia zaidi ya video kumi za tathmini.

Kuhesabu faili na kuhesabu saa

Kufikia hapa hukumu inaonekana wazi: PDF 38 kati ya 46 ni asilimia 83, basi asinunue. Wengi husimama hapa, na hapa ndipo wanapokosea upande wa pili.

Simu huhifadhi muda unaotumika katika kila programu. Mwalimu aliweka riwaya katika programu moja, PDF katika nyingine, vitabu vya dukani vikabaki kwenye programu ya duka. Baada ya wiki nne jumla ilikuwa saa 52: riwaya saa 29, vitabu vya dukani saa 7, PDF safi saa 12, skani saa 4. PDF zote pamoja zilichukua asilimia 31 ya muda wake wa kusoma, si 83. Ni jambo la kutarajiwa. Makala hufunguliwa, hutazamwa muhtasari, hurukwa hadi hitimisho, hunukuliwa aya mbili, hufungwa. Riwaya hukaliwa.

Tena saa hizo 29 zote zilikuwa za usiku, kati ya saa tatu na saa sita, muda uleule wa macho na ujumbe. Saa za PDF zilitawanyika mchana, na nyingi zilifuatwa na kuandika, kazi ambayo kompyuta mpakato inaifanya vizuri kuliko kifaa chochote cha kushika mkononi. Kwa hiyo swali limebadilika. Mwanzoni mwalimu aliuliza kama kifaa kitachukua nafasi ya simu katika masomo yake. Hakitaweza. Kama kitazichukua saa 29 za riwaya, hilo kinaliweza bila shida.

Kifaa cha inchi 10.3 kingezima ubishi wote huu: kioo chake cha milimita 157 kwa 209 kinaonyesha ukurasa wa A4 uliokatwa pambizo kwa pointi 9.3, mzima, bila kulazwa. Huuzwa kwa mara tatu au zaidi ya bei ya kile cha inchi 6, na hakishikiki kwa mkono mmoja kitandani. Kununua ukubwa huo kwa ajili ya saa 16 za PDF katika wiki nne, ambazo tayari zina kompyuta, ni gharama isiyo na hoja hapa. Kwa mtafiti anayesoma PDF saa tatu kila siku na kuandika pembeni mwa kurasa, jibu lingekuwa tofauti kabisa. Rangi tuipite haraka: vioo vya Kaleido 3, aina ya wino wa elektroniki wenye rangi, vina pikseli 300 kwa inchi kwa nyeusi na nyeupe lakini 150 tu kwa rangi, na kichujio chake hufanya ukurasa uwe na giza kidogo. Riwaya hazina haja nayo.

Vitabu vitatu vyenye kufuli

Saa 7 za vitabu vya dukani zinahitaji jicho la pekee, kwa sababu hapa ndipo mtu hugundua baada ya kununua kwamba alichokuwa nacho hakikuwa chake kikamilifu. Kitabu chenye kufuli la kidijitali hufunguka pale tu duka linaporuhusu. Kifaa cha Kindle hakifungui EPUB iliyofungwa kwa mfumo wa Adobe; Kobo na PocketBook hufungua, kwa kupitia programu ya Adobe Digital Editions kwenye kompyuta. Kitabu kilichonunuliwa katika duka la Kindle hakifunguki kwenye Kobo. Kuvunja kufuli ni kosa la kisheria katika nchi nyingi. Vifaa vya Android vyenye wino wa elektroniki, kama vya Onyx Boox, hukubali programu ya duka lolote. Gharama yake ni betri inayoisha mapema na, kwa mwalimu wetu, kurudi kwa ujumbe uleule anaoukimbia.

Maduka nayo hubadilika. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu, vitabu vikaacha kufunguka, wanunuzi wakarudishiwa pesa. Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kupakua kitabu ulichonunua kwenye kompyuta na kukihamisha kwa waya. Faili zako mwenyewe za EPUB bado huingia Kindle kwa huduma ya kutuma kupitia mtandao, iliyoanza kuzipokea mwaka 2022, lakini ukiinakili EPUB kwa waya haitaonekana. Calibre inabidi iigeuze kwanza kuwa AZW3, aina ya faili ya Kindle. Anayetegemea kuazima maktaba aangalie mapema: Kobo ina OverDrive, huduma ya kuazima vitabu vya maktaba, ndani yake, ilhali kuazima kupitia Libby, programu ya huduma hiyohiyo, kwenye Kindle kunawezekana kwa maktaba za Marekani tu.

Katika kisa hiki duka la vitabu vitatu si la kampuni iliyotengeneza kifaa kinachouzwa. Vitabu hivyo vitabaki kwenye simu. Saa 7 zimeondoka kwenye hesabu ya faida, zimebaki 29.

Pesa

Hoja ya "kitajilipa chenyewe" ndiyo dhaifu kuliko zote. Bei ni vitabu tisa vya karatasi. Tuseme kitabu cha kielektroniki ni nafuu kwa theluthi moja, na mwalimu hununua vitabu sita kwa mwaka. Ili theluthi hizo zifike vitabu tisa anahitaji kununua 27, yaani miaka minne na nusu, na kifaa kilichotumika huenda kisifike huko. Anayesoma vitabu visivyo na hakimiliki, kama zaidi ya 70,000 vilivyoko kwenye maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg, haokoi chochote, maana hata kwenye simu vilikuwa bure. Afadhali agawe bei kwa saa: saa 29 kila wiki nne ni saa 377 kwa mwaka. Kikidumu miaka miwili tu, kila saa 84 za kusoma zinamgharimu bei ya kitabu kimoja. Kwa mtu huyu hiyo ni bei nzuri. Kwa anayesoma saa 4 kwa mwezi, kitabu kimoja kitalipia miezi 21 kwa hesabu hiyohiyo, ila hesabu haitafikiwa, kifaa kitakufa kabla.

Kukagua kilichotumika

Picha ya tangazo ilionyesha kifaa kikiwa na picha maridadi kiooni. Haithibitishi lolote, kwa kuwa picha hubaki hata kifaa kikiwa kimekufa. Inachothibitisha ni kinyume chake: kioo kilichovunjika huonyesha mistari iliyoganda au pembe iliyopauka hata kikiwa kimezimwa. Nyuma ya safu ya wino kuna bamba jembamba la kioo lenye saketi zinazoiendesha, nalo huvunjika kwa kupindwa begini wakati uso wa nje hauna hata mkwaruzo. Kulibadilisha hukaribia bei ya kifaa kingine.

Kifaa kiwashwe mbele ya mnunuzi na kurasa 20 zifunguliwe mfululizo. Maandishi ya ukurasa uliopita yakibaki kama kivuli hafifu, ni kawaida, na yataondoka kioo kikijisafisha kwa kumetameta mara moja. Mstari usioondoka ni kioo kibovu. Kisha taa ya chumba izimwe, ya kifaa iwekwe katikati, na kutazamwe ukingo ilipo mistari ya taa: balbu iliyokufa huacha doa jeusi lenye umbo la pia. Pembe zote nne ziguswe. Kiunganishwe na kompyuta kwa waya unaohamisha data, maana waya wa kuchaji tu utamfanya mtu adhani tundu limeharibika. Namba ya modeli isomwe kwenye mipangilio: Kindle ya kawaida ya kabla ya 2022 ilikuwa na pikseli 167 kwa inchi, na herufi ndogo humo huwa na kingo za ngazi.

Betri ipimwe kwa saa mbili, Wi-Fi imezimwa, taa ya wastani. Kwa kipimo cha saa 35, kila saa inakula asilimia 3 hivi. Ikishuka 12 kwa saa mbili, imebaki nusu ya uwezo. Isipimwe mara tu baada ya kuingiza mamia ya vitabu, kwa sababu kifaa huwa kinaviandalia faharasa ya utafutaji na hula chaji kimyakimya.

Mwisho kabisa, muuzaji aondoe akaunti yake na kurudisha mipangilio ya kiwandani palepale, kisha mnunuzi asajili yake kabla pesa haijatoka. Kifaa kilichoripotiwa kuibwa mtengenezaji anaweza kukikatalia usajili, na hapo hakuna fundi wa kusaidia.

Hukumu

Anunue, kwa ajili ya riwaya peke yake, ikiwa kimepita ukaguzi na kina pikseli 300 kwa inchi. PDF zibaki kwenye kompyuta mpakato. Zile 4 za safu mbili anaweza kuzihamishia humo akipenda. Skani asizijaribu. Pamoja na kifaa anunue kasha gumu siku hiyohiyo, si baadaye.

Usiku wa kwanza kuna kazi ya nusu saa. Riwaya ziingie kwanza Calibre na sehemu ya lugha irekebishwe: faili nyingi hudai ni za Kiingereza hata zisipokuwa, na kifaa huamini, kikakata maneno mwisho wa mstari pasipo na silabi. Herufi zikuzwe hadi mstari ubebe herufi 55 hadi 65 hivi. Zaidi ya hapo jicho hupotea likirudi kushoto. Kujisafisha kwa kioo kuwekwe mwisho wa sura badala ya kila ukurasa. Kamusi iingizwe, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kisingizio chake cha kuzima hali ya ndege. Wi-Fi izimwe, na simu ichajiwe chumba kingine.

Baada ya wiki nne ahesabu tena. Kama saa za riwaya zilizohamia kwenye kifaa hazijafika 15, akiuze betri ingali na nguvu. Na kama muhula wa kuandika tasnifu utazipandisha saa za PDF hadi kupita nusu ya jumla, hesabu ya inchi 10.3 ifunguliwe upya, safari hii kwa kadi yenye dirisha la milimita 157 kwa 209.